Manowari ya Katuba

Babu Mwenze alikuwa na kalenda ya mwaka uliokwisha kufa.
Haikuhesabu siku tena. Ilibakiza meli tu:
manowari ya kijivu, ndefu kama treni ya Sakania,
mizinga yake imeinua shingo.
Aliigusa ubavuni, karibu na maji,
kwa kidole alichoachiwa na tanuri.
"Hapa. Mrija huu. Huenda ni shaba yangu."

Huenda. Shaba ikishatoka Lubumbashi kwa behewa
haiandiki barua.

Sisi tusio na bahari,
ambao maji makubwa kwetu ni mvua ya Januari
ikiziba mtaro hadi kizingitini,
tulijifunza manowari kwake, umeme ukikatika.
Nikamwuliza: meli yenye mizinga inayopiga hadi mbingu inapoinama,
mrija wa torpedo wa nini?

"Mzinga ni wa adui mwenye adabu ya kusimama mbali.
Lakini usiku, ukungu umelala juu ya maji,
unageuka, unamkuta mlangoni,
hapo mrija hutema samaki wake wa chuma
na hauhitaji kusema mara mbili.
Hata usipoutumia, adui akijua unao
huja kwa kuzunguka."

Akanusa ugoro. Akapiga chafya. Akasahau, akakumbuka.

"Ubaya wake, samaki huyo analala ndani ya nyumba.
Risasi za mizinga wamezizika chini kabisa,
wamezivika chuma unene wa mkono wangu.
Mrija lazima uwe na mdomo,
na mdomo haufunikwi.
Baruti ya kuvunja meli ya jirani
haishindwi kuvunja ya kwako.
Kipande cha moto, kidogo kama punje ya hindi,
na mabaharia wanasikia sauti
wasiyoimaliza kuisikia.
Manahodha wengine waliing'oa mirija.
Wengine, vita vikianza, walitupa torpedo baharini
bila kumlenga mtu.
Wengine waliziacha, wakalala juu yake."

"Na wewe," alisema Shangazi Numbi kutoka jikoni,
"unalala juu ya nini?"

Bidoni sita za petroli, za njano,
chini ya kitanda cha babu,
kwa sababu chumba chake ndicho chenye kufuli.
Pampu zikikauka, foleni ikifika njia panda,
Numbi hukaa kando ya barabara na chupa zake na mpira wake,
na wenye magari humwita mama kwa unyenyekevu.
Petroli ile imelipa shule yangu miaka miwili.
Imelipa miwani ambayo babu haivai.

Usiku wa Juni, baridi kali, hakuna umeme,
mtoto wa jirani alikuja kuomba kiberiti.
Akakipata. Akakiwasha hapo hapo, mlangoni mwa chumba,
aone kama kinawaka.

Kiliwaka.

Hakuna kilichotokea.
Nakiandika kitu hicho kwa mstari wake peke yake
kwa sababu hadi leo sijakielewa.

Babu hakusema neno.
Akainuka, macho nusu, magoti robo,
akatoa bidoni moja moja hadi uani, zote sita,
akazipanga ukutani kama watoto wenye makosa.
Kisha akalala, mara ya kwanza, alisema,
bila kunusa ndoto zake.

Asubuhi redio ilitangaza: malori yamekwama mpakani.
Bei ikapanda kabla ya chai.
Uani zilikuwa nne.
Mbili zilikuwa zimeondoka na mtu
ambaye hakuogopa kukaribia.

Numbi alizitazama nne zile kwa muda mrefu.
Nilimtazama babu. Babu aliitazama kalenda.
Hakuna aliyeshinda hoja.
Akazibeba mwenyewe, akazirudisha chini ya kitanda,
akamnunulia mzee blanketi zito.

Kalenda iko kwangu sasa, na kitanda.
Baridi ikiingia, plastiki hujikunja usiku:
tok.
Nasubiri.
Tok.