Umekomewa Upande wa Pili

Kiyokazu kanipigia kutoka Sendai, saa nne usiku,
hata salamu hakunipa: "Ule mlango bado upo?"
Sijui, nikamwambia, nachemsha supu.
Theluji ya Muroran imeziba dirisha hadi nusu,
na mchezo mpya uko mezani ndani ya nailoni yake,
miaka ishirini na mitatu baada ya ule wa kwanza.

Ule wa kwanza tuliucheza juu ya duka la mama la kufulia,
mashine zikinguruma chini ya magodoro yetu,
televisheni ina mstari wa kijani ubavuni
kama kovu.
Nesi Otowa alitembea kama aliyefungwa mawe miguuni.
Kamera haikumfuata. Ilimngoja kwenye pembe ya dari,
na kilichokuwa nyuma ya kona ulikisikia kwanza:
kitu kinaburuta kitu.
Risasi sita. Nazikumbuka zote sita.
Nne zilimalizikia kwenye kivuli cha koti.

Kuhifadhi ulipofikia kulitaka kipande cha mshumaa,
na vipande vilikuwa saba kwa hospitali nzima.
Kiyo, miaka kumi na minne, bahili wa kuzaliwa,
alikataa kuwasha cha tano,
akafa ghorofa ya pili, saa mbili za jasho zikaenda na maji.
Akatoka nje pekupeku, kwenye theluji,
akarudi, akasema, "Haya. Upya."

Giza lile, kumbe, lilikuwa umaskini tu.
Mashine haikuweza kuchora zaidi ya hatua tano mbele,
basi mafundi wakazima taa.
Hilo nimelijua ukubwani.
Bora nisingelijua.

Huu wa pili ni tajiri.
Otowa sasa ana vinyweleo mikononi; mvua ikimpiga
kola inalowa upande wa upepo peke yake.
Ana bunduki tatu na mkoba usiojaa,
anageuka upesi kunishinda mimi,
na kila akiogopa anasema, "Naogopa."
Mchezo unajihifadhi wenyewe, kimyakimya,
kama mtumishi anayeokota kila unachoangusha.
Nimekufa mara tisa usiku huu
bila kupoteza hata dakika.
Nimekunywa supu huku nafa.

Nisiseme uongo, kuna mahali umenipata.
Bafu la ghorofa ya chini: maji yanadondoka kwenye beseni,
tone, kimya, tone,
halafu kimya kinachopita urefu wake.
Hapo niligeuka kutazama nyuma yangu,
jikoni kwangu mwenyewe.

Lakini mlango.
Katika ule wa kwanza, mwisho wa korido ya kaskazini,
mlango wa bluu. Ukibonyeza, maandishi:
UMEKOMEWA UPANDE WA PILI.
Basi. Hakuna ufunguo, hakuna fumbo,
tuligusa kila ukuta, tukapekua kila droo.
Umekomewa: maana yake kuna aliyekomea.
Kiyo alisema ni mtoto. Mimi nikasema ni Otowa mwenyewe,
Otowa mwingine, aliyetangulia.
Tukagombana hadi mama akagonga dari kwa ufagio.

Saa saba na nusu nimefika.
Bluu ileile, sasa ina mikwaruzo, ina kutu kwenye bawaba.
Nikabonyeza. Ukafunguka.
Stoo.
Ndoo mbili, ufagio, kasha la risasi thelathini,
na barua ndefu, kurasa tano, inayoeleza kila kitu.

Sikuisoma. Risasi nilichukua, siwezi kukataa.
Nikarudi koridoni, nikavuta mlango nyuma yangu,
nikampigia.
Aliipokea kabla haijaita mara ya pili,
mhasibu mwenye mvi, anayeamka saa kumi na moja,
amekaa na simu mapajani.
"Upo?"
"Upo. Bluu."
"Na?"
Nje gari la kuzoa theluji lilipita, taa yake ya manjano
ikazunguka ukutani, ikaondoka.
"Umekomewa," nikamwambia, "upande wa pili."

Akashusha pumzi.
"Ni mtoto," akasema. "Nilikwambia."