Jina Litakuja

Kibanda changu kiko stendi ya Makambako,
upande ule unaopigwa na upepo.
Juni, vidole vya wateja havifunguki,
noti zinatoka zimejikunja
kama kabichi iliyolala kwenye baridi.
Mimi ni wakala. Natuma, natoa,
nauliza namba mara mbili.

Tangu vijana wavuke mpaka na kofia zao za bluu
simu za mji huu zimeota midomo.
Kwenye kundi la wazazi, saa nane usiku,
sauti ya mtu anayehema: "Wamezingirwa.
Wakubwa wanaficha. Sambaza kabla haijafutwa."
Asubuhi ikaja picha ya lori linaloungua,
chini wameandika: miili ya watoto wetu.
Nikaikuza.
Lilikuwa lori la mbao la akina Mhema,
lililopinduka mwaka juzi pale konani.
Ile mipaina naijua.
Hata mgongo wa shati langu upo, nilikwenda kuchungulia.
Nikaandika hivyo kundini.
"Umenunuliwa," akasema msimamizi,
fundi baiskeli, ana deni langu la elfu saba,
akanitoa.

Alhamisi akaja Mama Anjelista Kaduma,
laki tatu na themanini kwenye fundo la kitenge,
hela ya viazi, bado ina udongo.
"Nimepigiwa na daktari wa kikosi.
Ditriki kapigwa risasi ya paja.
Damu huko inauzwa.
Nisimwambie mtu, ni siri ya jeshi."
Namba ameiandika kiganjani
kwa kalamu ya mjukuu.

Nikamwambia, mama, mpigie,
aulizwe kitu anachokijua Ditriki tu.
Akaweka sauti ya nje.
"Muulize mwanangu, mbwa wetu anaitwa nani?"
"Anasema Popi," yule mtu akajibu,
hata pumzi ya kugeuza shingo hakuvuta.

Nusu ya mbwa wa Makambako wanaitwa Popi.
Na wa kwao anaitwa Popi.

Nikasema, mama.
Akasema, najua.
"Najua, baba. Lakini hela hii
nikirudi nayo nyumbani, halafu ikawa kweli,
nitaila na mboga gani?"

Nikabonyeza.
Jina likaja. La mwanamke,
si la daktari, si la kikosi.
Nikamsomea polepole, herufi kwa herufi.
Akatikisa kichwa: tuma.
Kamisheni yangu iliingia
kabla hajamaliza kukunja kitenge kitupu.
Siwezi kusema sikuila. Nilinunua mkaa.

Wiki ya tatu alikuja kununua vocha,
simu ikalia mkononi mwake, namba ngeni,
mikwaruzo kama mtu anaparua sufuria.
"Mama, ni mimi."
Hakulia. Hakumwita mwanangu.
Sauti yake ilikuwa ya karani wa mahakama:
"Mbwa wetu anaitwa nani?"

Kimya.
Upepo wa huku, na mwingine wa huko.
Nikahesabu sekunde, mazoea ya kazi.
Kidole gumba chake kilishafika
juu ya kitufe chekundu.

Halafu ile sauti, ndogo, imekatika katikati:
"Popi?
Kwani bado yupo?"