Robo Mzunguko

Baba aliniachia Korola ya mwaka tisini na mbili,
ufunguo uliolika meno, na daftari la shule
lenye safu tatu: tarehe, lita, kilomita,
na pembeni, kwa penseli, maneno ya kubana:
"Imekohoa Kigwe." "Upepo wa mbele."
"Petroli imepanda tena. Wezi."

Alikuwa bahili. Amelala, lakini tuseme.
Kwenye mteremko aliweka gia huru,
gari ikashuka kimya kama paka aliyeiba nyama,
nasi watoto nyuma tukibana pumzi
tusije tukaiongezea uzito.
Hakuzidi themanini.
Malori ya Kigoma yalitupita na honi zake,
naye akainua kidole kimoja juu ya usukani:
"Waacheni. Wanawahi kituo cha mafuta."

Siku hizi anayehesabu ni mimi.
Mshahara wa mkunga ni kanga fupi,
ukifunika kichwa, miguu nje.
Nimeng'oa keria ya paani, nimejaza matairi,
nimebadili chujio lililoshiba vumbi la Dodoma,
vumbi lile jekundu lisilobisha hodi.
Haikutosha. Nikaenda Kizota kwa Chedego,
fundi anayesoma plugi kama wengine wanavyosoma viganja.
"Nyeusi, gari ni mlafi. Nyeupe, gari ina njaa.
Tunatafuta rangi ya ugali wa mtama."
"Ibane," nikamwambia.
"Dada Foibe, hewa peke yake haipandi mlima."
"Ibane."

Akaibana.
Wiki mbili daftari likacheka:
nne, tatu na nusu, tatu na robo.
Nikajiona binti wa baba yangu.

Jumamosi nikambeba Mama na magunia mawili ya mchele wa Bahi
kwenda Manyoni, arusini kwa binamu.
Kwenye tambarare, hakuna neno.
Kisha ukingo wa Bonde la Ufa ukasimama mbele yetu, Saranda,
na gari ikakumbuka njaa yake.
Gia ya tatu ikakataa. Ya pili ikanung'unika.
Kwenye ya kwanza injini ikagonga, ko, ko, ko,
kama mgeni aliyefungiwa nje usiku,
mshale wa joto ukipanda peke yake,
mimi na mchele tuko palepale.
Mama alifungua mlango kabla sijasimama.
Akapanda kwa miguu, ndala mkononi.
Tulipomfikia kileleni alikuwa juu ya jiwe, anabangua karanga.
"Karibuni," akasema.

Usiku ule nikapekua daftari kutafuta
yeye alipandaje.
Nne. Nne. Nne na robo. Nne.
Halafu, Machi, siku haikuandikwa:
"Kilimatinde, usiku. Mtoto wa Malogo, nyoka.
Lita saba. Tumewahi."
Malogo yuleyule ambaye Baba alimdai
shilingi hamsini kwa miaka tisa.
Chini yake mstari mmoja umerukwa.
Kisha: nne.

Jumatatu nilirudi Kizota.
Chedego hakusema "nilikuambia." Alichukua bisibisi,
akainama, sikio karibu na kabureta,
robo mzunguko, akasubiri, akarudisha kidogo,
hadi mngurumo ukaacha kuomba
bila kuanza kujigamba.
"Itakunywa zaidi," akasema. "Kikombe, si mtungi."

Bado ninakwenda themanini.
Kwenye mteremko bado nabana pumzi, sijui kwa nini.
Lakini mguu wangu wa kulia unajua
kwamba chini ya pedeli kuna kitu
ambacho sijakigusa.

Nimechonga penseli:
"Saranda, na Mama. Nne na nusu.
Hakushuka."