Mkwaruzo

Sindano inaruka pale pale, ubeti wa pili,
ulipoikanyaga santuri kwa kisigino, Emil,
tukicheza jikoni, Akron imefungwa na theluji,
shati lako likinuka mpira wa kiwandani.

Padri Hlavac alisema rokenroli haitavuka Pasaka.
Pasaka ya ngapi hii?

Mjukuu kaniletea simu: "Bibi, humu wimbo ni safi, hauna doa."
Nikausikiliza. Gitaa lile lile,
piano ile ile inayopigwa kama inadaiwa,
lakini ulipofika ubeti wa pili
ukapita tu,
kama mgeni asiyeujua mlango.

Nikarudisha santuri.
Goti la kushoto ni la chuma, la kulia langu;
yote mawili yanajua kinachofuata.
Sindano inaruka.
Naruka nayo.