Kizibo

Miaka thelathini na minane nimeziba meno ya watu wa Haukisalmi,
basi msinifundishe habari za tundu.
Nalijua linavyoanza, kidoa tu kama cha chai,
linavyokaa kimya, haliumi, halidai,
mpaka usiku mmoja wa Januari mtu anabisha mlangoni
kashika shavu, theluji imemjaa kofiani.

Halmashauri imeniletea bahasha, kurasa mia mbili na kumi.
Alhamisi tunapiga kura, sisi kumi na saba:
mabaki ya kinu yaende wapi?
Nimechemsha kahawa. Nimevaa miwani ya kazi, ile ya zamani.

Roketi, wanasema kwanza. Yafungwe, yarushwe juani.
Nimecheka peke yangu, paka akanitazama.
Moja ikipasuka njiani,
mvua ya siku hiyo nani ataikinga?

Kisha sakafu ya bahari kuu, kwenye tope lililotulia.
Mataifa yalikwisha kukatazana, na ni vyema:
ulichotupa baharini hukukitupa,
umemkopesha jirani bila kumwambia.

Kisha barafu ya ncha ya kusini,
pipa lijiyeyushie njia kwa joto lake, lizame.
Ukurasa huo nimeupita upesi.
Huku tunaijua barafu: inavyoahidi Februari,
inavyokana Aprili.

Au yasubiri vinu vipya vitakavyoyala na kuyamaliza,
vinu ambavyo bado ni michoro.
Dawa iliyo njiani
haimtulizi aliyekwisha kukaa kitini na kuachama.

Au yabaki yalipo, bwawani,
kila kizazi kikabidhi kingine ufunguo.
Hapo nimeweka kikombe chini.
Binamu yangu Taisto analinda bwawa lile;
anasema maji yake yana buluu
ambayo hajaiona katika ziwa lolote,
na husimama kuitazama hata zamu ikiisha.
Anastaafu majira ya kuchipua.
Kazi yake imetangazwa mara mbili.
Hakuna aliyeomba.

Basi limebaki jabali.
Mita mia nne na hamsini kwenda chini,
shaba, halafu udongo unaovimba ukilowa, halafu mwamba wenyewe,
tabaka juu ya tabaka, vilevile nilivyokuwa nikifanya mimi.
Hapa sicheki.
Ila kizibo changu kilichodumu kuliko vyote
kimo katika gego la Bibi Onerva: miaka thelathini na minne.
Hawa wanataka miaka laki moja.
Wameandika "kwa makadirio".
Nalijua neno hilo, nililitumia sana
kila nilipoinama juu ya kinywa cha mtu na sijui.

Mjukuu wangu Pihla, ana miaka saba, ameuliza
watakaokuja watajuaje wasichimbe.
Nikamwambia wengine wanataka nguzo za mawe,
wengine wanataka miti ipandwe tu, pasahaulike.
"Hawatasoma Kifini," akasema,
akachukua kalamu, nyuma ya ukurasa wa tisini na tatu
akachora uso, na mkono umeshika shavu.
Sijaona katika bahasha nzima
jambo lililo wazi kuliko hilo.

Alhamisi nitaunyoosha mkono kwa jabali.
Si kwamba nimeridhika.
Taa hizi tuliziwasha sisi, sauna tulizipasha sisi,
na jino ulilolitoboa kwa mkono wako
huliachi wazi ukaenda nyumbani kula.

Lakini nitaomba iandikwe katika kumbukumbu za kikao,
kwa jina langu, Eila Rautanen, daktari wa meno mstaafu,
maneno niliyomwambia kila mgonjwa akiondoka,
huku namfungulia mlango na baridi inaingia:
likianza kuuma, hata usiku,
nipigieni.