Toleo la Nne

Nandonde huchapa usiku,
mashine ya stesheneri ikikohoa:
kurasa nane, pini moja, mia tano
chini ya meza, kwa anayejua kuuliza.

Toleo hili, shujaa wa Marekani
katua Newala, chupi juu ya suruali,
kifua kama gunia la korosho.
"Nimekuja kuwaokoa!"
Somoe hamtazami usoni.
"Una ndoo? Maji yako bondeni."

Ukurasa wa sita anapanda akihema,
joho lake limekuwa kata.

Wa saba yuko kwao, anahojiwa:
nyuma yake picha kubwa,
yeye, ndoo, kidole gumba juu.
Somoe kakatwa shingoni.

Wa nane mtupu.
Wino umekwisha, anasema Nandonde,
akijifuta vidole kwenye fulana ya mtumba
yenye tai na nyota.