Mizani

Fomu ina mistari kumi.
Kila mstari una visanduku vitatu:
saa kwa wiki, wiki kwa mwaka, cheo.
Cheo! Kana kwamba nimeshaingia jeshini
na aliyebaki kunipigia saluti ni mimi mwenyewe.

Bwana Dufresne, mshauri wa shule, ana kalamu nyekundu
na kikombe cha kahawa kisichopoa wala kuisha.
"Signe," anasema, "chuo hakitafuti mtu wa kila mahali.
Kinatafuta nahodha. Mshika mbili moja humponyoka."
Nami nimeshika tano:
mbio za nyika, ambako humaliza wa pili kutoka mwisho;
klabu ya mdahalo, walikonichagua mweka hazina
siku niliyokuwa mgonjwa, sikuwepo kukataa;
maktaba ya kanisa, Jumamosi, vumbi na kikohozi;
kulenga shabaha, ninakokupenda kimya kimya;
na tuba, tarumbeta pana kuliko kifua changu.

Anaizungushia tuba duara jekundu.
"Hii inakula saa nane. Inakupa nini?"

Inanipa nini.
Bendi yetu ina watu kumi na mmoja.
Nikitoka, hakuna wa kushika sauti ya chini,
na muziki usio na chini
ni bati lililolegea, linapigwa na upepo.
Nilitaka kumwambia hivyo.
Nikasema, "Mapafu, bwana."
Akaandika: mapafu.

Tamsin Oberg amejaza yote kumi
akaomba karatasi ya ziada.
Nahodha wa wavu, mwenyekiti wa hili, katibu wa lile;
hata njaa yake ina ratiba.
Simwonei wivu.
Naam, namwonea.
Saa tisa usiku ananitumia ujumbe: umelala?
Sijalala. Naendesha lori.

Maana huu ni Oktoba, Bonde la Mto Mwekundu,
na viazi sukari havisubiri barua ya seneta.
Baba ana mchana wote; mimi nina usiku wa Ijumaa na Jumamosi,
tani ishirini mgongoni, gia ya tatu inayogoma,
matope yaliyoganda yakigonga bodi kama kokoto.
Kwenye mizani wanakupima umejaa.
Unakwenda, unamwaga,
wanakupima tena, mtupu.
Wanatoa. Kinachobaki ndicho mzigo wako.
Bi Lavonne wa kidirishani haulizi cheo.
Anauliza namba ya lori, na kama nimekula.

Nikaifikiria fomu:
hawa wananipima nimejaa tu.
Nani atanipima nikishamwaga?

Jumatatu nikarudi ofisini.
Mdahalo nimeacha; hazina ilikuwa dola kumi na nne,
nimeikabidhi ndani ya bahasha.
Maktaba nimeacha, na Bi Aasen alinitazama
kama kitabu kilichorudishwa kimelowa.
Mbio, hapana.
Wa pili kutoka mwisho anaijua migongo ya wote
na pumzi ya mmoja aliye nyuma yake,
Birdie Kroll, mwenye pumu,
ambaye nikiongeza kasi
atabaki peke yake na shamba.
Shabaha nimebakiza, sikueleza.
Tuba nimebakiza. Bwana Dufresne akaguna.

Mstari wa kumi ulikuwa bado mweupe.
Nikaandika: lori, usiku.
Saa kwa wiki, ishirini na mbili. Wiki kwa mwaka, tatu.
Cheo:
kalamu ikakaa hapo.
"Dereva," akasema. "Andika dereva."
"Wa pili," nikasema. "Wa kwanza ni baba."
Akanyamaza, kisha akaniuliza
bei ya viazi mwaka huu.

Jopo litakaa mwezi ujao: kanali mstaafu na wenzake wawili,
meza ndefu, maji ya chupa.
Sijui watauliza nini.
Leo ni Ijumaa, upepo unatoka kaskazini,
na gia ya tatu bado inagoma.
Kidomo cha tuba nimekitia mfukoni mwa koti,
upande wa ndani,
kisigande.